Bido za Mitwaba

Mwanzoni bido zilikuwa mbili, kisha zikawa nne. Ukimuuliza Virginie, atakwambia hapo ndipo wivu wake ulipoota miguu, ingawa kuzaliwa ulikuwa umezaliwa zamani, siku ile Stanislas alipokwenda kuposa kwa baba yao kule Mitwaba, akataja jina la Delphine.

Delphine alikuwa dada yake mkubwa, au yaya, kama wasemavyo kule. Alikuwa mrefu, mcheshi, na ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani Jumapili. Lakini alikuwa ameshaahidiwa Donat, mwalimu wa katekisimu, na baba yao hakuwa mtu wa kugeuza neno. Akamwambia Stanislas kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na binti mwingine. Stanislas akaenda kufikiri, akarudi, akakubali. Harusi ikafungwa, wakaja kukaa Élisabethville, mtaa wa Kenya, wakapata binti yao Julienne na wadogo zake, na kwa miaka mingi hapakuwa na neno. Virginie alijua kwamba alikuwa wa pili kutajwa. Aliliweka jambo hilo mahali anapoweka mtu kidonda kilichopona juu tu: hakuligusa, na hakupenda mtu mwingine aliguse.

Stanislas alikuwa dereva wa Bwana Lambrecht, Mbelgiji mwenye duka la miwani mjini. Bwana huyo hakuridhika kungoja watu waje dukani. Alinunua karavani, nyumba nyeupe ya magurudumu, akaifunga nyuma ya kamioneti yake ya buluu, na kila kiangazi akaenda nayo kaskazini: Jadotville, Bunkeya, Mitwaba, mpaka Manono kwenye migodi ya bati. Humo alilala, alikunywa kahawa yake, na kuwapima macho mapadri, makarani, mafundi cherehani na wote ambao herufi zilikuwa zimeanza kuwakimbia.

Kabla ya safari Stanislas alisafisha bido uani kwake. Ni yale madumu ya chuma ya kubebea petroli, ambayo watu wa kule huiita esanse. Virginie alikuwa akichambua mboga karibu naye. Akaziangalia, akauliza.

"Bido ine ni ya nini? Mwaka ulipita mulibeba mbili."

"Karavani inakunywa, Mama Julienne," Stanislas akasema bila kuinua kichwa. "Kamioneti peke yake inakunywa sawa mutoto. Ukifunga nyumba ku nyuma, inakunywa sawa arusi yote. Na ku Mitwaba hakuna esanse. Mbili tunaachaka kule, ya kurudia."

"Munaziachaka kwa nani?"

"Kwa muntu wa kuaminia."

Virginie akaendelea kuchambua mboga zake. Mtu wa kuaminika ana jina, alijiambia. Mume anayeficha jina la mtu wa kuaminika anaficha na mengine.

Jina hilo alilipata sokoni, siku chache baada ya safari hiyo kurudi. Mama Mwansa, mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyezunguka kote kaskazini, alimsalimu, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema kwamba alimwona mume wake Mitwaba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu Donat, mbele ya nyumba ya Delphine, na jikoni kulikuwa na bido mbili kubwa zimepangwa. "Nyumba ya yaya yako sasa iko sawa nyumba yenye bwana," Mama Mwansa akasema, akacheka, akaondoka na kapu lake.

Donat alikuwa amekufa kwa homa mwaka mmoja na nusu uliopita. Virginie hakwenda kulia msiba. Alikuwa na mtoto mchanga siku hizo, na njia ni ndefu, na hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku ya Mama Mwansa alianza kuona vitu ambavyo zamani havikumshughulisha. Aliona kwamba Stanislas hunyoa ndevu vizuri zaidi kabla ya safari ya kaskazini. Aliona sabuni mbili zikiingia kwenye mfuko wake, na zisirudi. Alipofua shati lake la safari alilinusa kwanza, akitafuta harufu ya mwanamke, akakuta harufu ya esanse tu, na hata hiyo ikamchoma, maana sasa esanse ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba ya Delphine. Usiku watoto walipolala alitaka kumuuliza. Ulimi ulifika kwenye jino ukarudi. Ukiuliza utajibiwa, na Virginie hakuwa na uhakika kama alitaka jibu.

Kiangazi kilichofuata mpishi wa Bwana Lambrecht akavunjika mguu. Bwana akamtuma Stanislas atafute mtu wa kupika na kufua njiani, na wa kuwashika vichwa kina mama waliopimwa macho, kwa sababu wengi wao waliogopa kuguswa na Mzungu. Stanislas akasimulia habari hiyo mezani, bila kuwaza kitu.

"Mi nitaenda," akasema Virginie.

Stanislas akamtazama. Akasema njia ni mbaya, vumbi ni jingi, watoto watabaki na nani. Virginie akajibu kwamba watoto watabaki na Jeanne jirani, tayari amekubali. Hilo halikuwa kweli, lakini kabla jua halijazama alilifanya kuwa kweli.

Basi wakaondoka. Bwana Lambrecht alikaa mbele karibu na dereva, na Virginie nyuma, katika sanduku la wazi la kamioneti, kwenye mkeka, ubavuni mwa zile bido nne. Bwana alikuwa mkali sana juu ya bido hizo. Zilisimama wima, zimefungwa kamba nyuma ya kichwa cha gari, kwenye upepo. Ndani ya karavani hazikuruhusiwa hata moja, kwa kuwa humo mlikuwa na jiko na kitanda, na mvuke wa esanse hauna rafiki. Hazikujazwa mpaka mdomoni, kwani jua likiipiga, esanse hufura. Na wakati wa kuzijaza ziliwekwa chini kwenye udongo. Mambo haya Stanislas aliyafanya kwa mikono ya upole, akikaza kamba, akigusa vifuniko, na Virginie akimtazama aliona kwamba zile mbili za kushoto alizikaza mara mbili. Hizo ndizo za Mitwaba. Tangu Jadotville mpaka kivuko cha Lufira, na kutoka hapo kupanda milima, alisafiri akigusana nazo bega kwa bega. Zilimgonga kwenye mashimo. Kichwa kilimuuma kwa harufu ya esanse. Akazichukia kama anavyochukiwa mke mwenza.

Walifika Mitwaba Jumamosi alasiri. Delphine akatoka nje akikausha mikono kwenye nguo. Alikuwa amekonda, lakini urefu wake ulikuwa ule ule, na alipomtambua mdogo wake alisimama kwanza, akakodoa macho kama mtu asiyeamini, kisha akamkumbatia kwa nguvu hata kilemba kikadondoka. Virginie naye akamkumbatia. Huku amemkumbatia, macho yake yalitafuta kile kiti. Kilikuwa pale pale barazani, na Stanislas alikuwa akikivuta akae, kama mtu anayejua kwamba mguu mmoja ni mfupi na kinahitaji kuegemezwa ukutani.

Bwana Lambrecht akaegesha karavani uwanja wa misheni na kuanza kazi. Virginie akawashika vichwa kina mama mpaka wa mwisho akamaliza. Ndipo alipomkosa mume wake. Alirudi nyumbani kwa dada yake kwa njia ya nyuma, akipita bustani ya mboga za lengalenga, na kwenye pembe ya ukuta akasimama.

Delphine alikuwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, amempa mgongo. Stanislas alisimama mbele yake, ameinama, mikono yake yote miwili iko kwenye uso wa Delphine, vidole nyuma ya masikio. Aliuinua uso ule taratibu kwenye mwanga wa magharibi, akasema kitu, na Delphine akacheka kicheko kile kile cha ujana wao.

Virginie hakungoja kuona zaidi. Alirudi kwa njia aliyojia. Wakati wa chakula alikula bukari, ule ugali wa kule, matonge mawili, akasema uchovu wa njia. Usiku kucha alilala karibu na mume wake kwenye mkeka wa Delphine, akisikiliza pumzi zake, na kila pumzi ikamwambia jambo.

Asubuhi ikawa Jumapili. Delphine akavaa nguo zake za kanisa, Stanislas akashona kifungo cha shati, na kengele ikapigwa. Virginie akasema kichwa kinamuuma, waende wao. Wakaenda, wakitembea sambamba, na Virginie akawasindikiza kwa macho mpaka walipopotea nyuma ya shule.

Bido mbili zilikuwa jikoni, kando ya kuni, ambako Stanislas aliziweka tangu jana ili wezi wasizione. Virginie alizitazama kwa muda. Hakuwa amepanga kitu. Lakini kadiri alivyozitazama ndivyo jambo lilivyojipanga lenyewe: hizi ndizo zinazomleta hapa. Esanse ikipotea, Bwana hatamwamini Delphine tena. Ataiacha kwa mapadri, au kwa Mgiriki mwenye duka, na Stanislas hatakuwa na sababu ya kukanyaga uwanja huu. Akaburuta bido ya kwanza mpaka nyuma ya nyumba, akafungua kifuniko, akaimwaga kwenye lengalenga, pembeni ya ukuta. Udongo uliinywa kwa sauti ndogo. Akamwaga na ya pili. Akazirudisha, akazifunga, akaziweka kama zilivyokuwa, akanawa mikono kwa majivu na maji mara nyingi. Kutoka misheni alisikia wimbo wa kupeleka matoleo, na sauti ya Delphine ikiwa juu ya sauti zote.

Jumatatu wakaendelea na safari, Manono. Huko kazi ilikuwa nyingi, na Virginie aliifanya vizuri, bila kusema sana. Bwana alipata esanse ya kujaza tangi kwa rafiki yake wa mgodini, hiyo tu, wala haikumsumbua, kwa sababu alijua kuna bido mbili zinamngoja Mitwaba. Aliposikia Bwana akilisema hilo, Virginie aliinamia ndoo yake ya nguo. Mpaka siku ile alikuwa amefikiria aibu ya Delphine peke yake. Hakuwa amefikiria kwamba gari litafika mahali likashindwa kwenda mbele, na yeye akiwa ndani yake.

Waliporudi Mitwaba, kamioneti ilipanda mlima wa mwisho ikikohoa. Walisimama mbele ya nyumba ya Delphine, na Bwana Lambrecht mwenyewe akashuka, jambo ambalo si desturi yake. Mkononi alishika kikasha cheusi. Akamwita Delphine, akamkalisha kwenye kile kiti, akafungua kikasha, akamvalisha miwani.

Hapo ndipo Virginie alipoelewa. Bwana alisema kwa Kifaransa, na Stanislas akageuza kwa Kiswahili, kwamba hiyo ndiyo shukrani ya kulinda esanse, mwaka jana na mwaka huu, kama walivyopatana. Kwamba Stanislas alimpima masikio na pua siku ile ya Jumamosi, na vioo vimekatwa njiani, ndani ya karavani. Delphine alikuwa fundi wa kushona, na macho yake yalikuwa yamefika mahali hata sindano haoni. Sasa aliinua upindo wa nguo yake mpaka karibu na uso, akausogeza mbali, akausogeza tena. Alitazama mshono kwa mshono. Machozi yakamtoka chini ya vioo, na akayaacha yatoke.

Virginie alisimama karibu na gurudumu. Alitaka kumwita mume wake asiende jikoni. Lakini Stanislas alikuwa ameshakwenda, na sasa alikuwa akitoka, na bido mbili zilining'inia vidoleni mwake nyepesi kama vikapu.

Aliziweka chini mbele ya Bwana. Akafungua moja, akaipindua. Tone moja likaanguka.

Bwana Lambrecht hakupiga kelele. Alimwuliza Delphine esanse iko wapi. Delphine akasema hajui. Akamwuliza kama aliiuza kwa Mgiriki, au kwa watu wa malori. Delphine akasema hakuiuza. Bwana akanyoosha mkono, akaitoa ile miwani usoni pake, akaifuta kwa kitambaa, akaifunga kwenye kikasha na kuingia nayo ndani ya karavani. Mlango ukafungwa. Delphine akabaki ameketi, macho yamerudi kukodoa, akitazama mahali mlango ulipokuwa.

Alichokitaka Virginie alikipata chote, mpaka na nyongeza. Maana Mgiriki hakuwa na esanse, wala misheni haikuwa na zaidi ya ile ya pikipiki ya padri, na ikabidi wangoje lori litoke Jadotville. Kwa hiyo yeye aliyemwaga esanse ili mume wake asisimame kwa Delphine, sasa alikaa kwa Delphine pamoja naye, kutwa kucha, bila kujua mpaka lini. Alimwona Stanislas akipasua kuni za dada yake. Alimwona akitengeneza mlango wa banda la kuku. Wivu ulikuwa bado upo, haukuondoka hata kidogo, ila sasa aibu nayo ilikuwa imekaa karibu nao.

Siku ya pili alimkuta Delphine uani, na kitambaa magotini, akijaribu kutunga uzi. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaupeleka kwenye sindano, ukapita pembeni. Akaulowesha tena. Virginie akakaa, akaichukua sindano, akautunga uzi, akamrudishia. Delphine akashukuru. Akashona kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuacha kazi:

"Mudogo wangu, macho yangu inakufa, lakini mikono ingali inaona. Mulipoenda Manono nilikwenda kuchuma lengalenga pembeni ya ukuta. Ilikuwa imekauka yote, inavunjika ku vidole. Nikachukua udongo, nikaunusa."

"Juu ya nini haukumwambia Bwana?"

"Ningemwambia nini? Kama mudogo wangu, wa tumbo moja, alikuya ku nyumba yangu kuniua jina? Angemufukuza bwana yako kazi. Batoto yako bangekula nini?"

"Nilikuwa na wivu, Yaya," Virginie akasema. Neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. "Nilimuona anakushika uso."

Delphine aliiweka sindano chini.

"Na miye? Unafikiri miye sina wivu? Uko na bwana, uko na batoto, uko na maji ya robine mu lupango yako, hauendake kuteka mu muto. Donat alipokufa nilikungoja. Kila motoka yenye ilipita nilitoka ku mulango, nilisema iko Virginie. Ilikuya ile ya bwana yako tu, na sabuni, na salamu zenye najua haukutuma. Alizitunga yeye, juu ya kunifurahisha."

Virginie alilia hapo, uso ameuficha magotini kwa dada yake, na Delphine hakumbembeleza wala hakumsukuma. Alikaa tu, mkono umelala juu ya kilemba cha mdogo wake kama ungeweza kuondolewa wakati wowote.

Kesho yake asubuhi Virginie alikwenda karavani. Stanislas alikuwa akipangusa kioo cha gari. Akamwomba aje ageuze maneno. Bwana Lambrecht alisimama mlangoni na kikombe chake. Virginie akasema kwa Kiswahili, macho chini, kwamba esanse aliimwaga yeye kwa mikono yake, Delphine hana kosa, na kwamba alifanya hivyo kwa wivu, kwa sababu ya mume wake.

Kitambaa cha Stanislas kilisimama mkononi. Alimtazama mke wake kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Kisha akamgeukia Bwana, akaanza kusema Kifaransa, polepole. Virginie alikuwa amesoma miaka michache kwa masista, na Kifaransa chake hakikuwa kingi, lakini alilishika neno la moto, na neno la jiko, na neno la hofu. Stanislas alikuwa akisema kwamba mke wake aliona esanse imewekwa karibu na kuni, akaogopa nyumba ya dada yake itaungua, akaimwaga, kisha akaogopa kusema.

Bwana akakasirika sasa kweli, lakini hasira yake ilimpata dereva. Ni nani aliyeweka bido jikoni? Stanislas akasema ni yeye. Bwana akamsomea somo refu juu ya moto na mvuke na vichwa vya watu wasiosikia, akaapa kwamba tangu leo bido zitaachwa ghalani kwa mapadri, kwisha habari. Halafu akaingia ndani, akatoka na kile kikasha cheusi, akampa Virginie ampelekee dada yake.

Lori lilifika jioni. Delphine aliwasindikiza mpaka barabarani akiwa amevaa miwani yake. Alimtazama Virginie kwa karibu, akaona kitu usoni pake, labda mikunjo, labda jambo jingine, akasema tu kwamba amefanana na mama yao.

Stanislas hakusema neno na mke wake mpaka Lufira. Pale walikuta kivuko kiko ng'ambo, na Bwana amelala ndani ya karavani. Virginie akashuka kutoka nyuma, akakaa karibu naye kwenye ukingo. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai.

"Haukumugeuzia Bwana maneno yangu."

"Maneno ile ni ya mu nyumba yangu. Bwana ni muntu wa inje."

Swali lililokuwa limemkaa kifuani tangu usichana lilipanda lenyewe, na safari hii hakulimeza.

"Ulimutaka?"

Stanislas akaokota jani, akalipasua kwa urefu wake. "Nilimutaka. Nilikuwa kijana, nilimuona anaimba. Alikuwa wa Donat. Baba yako alinipa weye, na mi nikakupenda pole pole, mpaka ikakuwa kweli. Sasa unataka niseme nini ingine?"

Hilo ndilo jibu aliloliogopa miaka yote, na lilikuwa na sehemu mbili, moja ya kuuma na moja ya kuponya, wala hakuweza kuchukua moja akaiacha nyingine. Alikaa nalo pale mpaka kivuko kilipofika.

Nyumbani Kenya maisha yakarudi njia yake. Kwa muda Stanislas alikuwa mzito wa maneno, akala na kulala na kuamka bila utani. Virginie alistahimili, kwa kuwa alijua deni hilo halilipwi kwa siku moja. Kidogo kidogo utani ukarudi. Jeanne jirani aliuliza habari za safari, akaambiwa njia ilikuwa na vumbi.

Kiangazi kingine kikaja. Mguu wa mpishi ulikuwa umepona, na Stanislas akaanza tena kusafisha bido uani. Virginie alimwacha amalize, kisha akamletea kifurushi alichokifunga kwa kitenge: sabuni, sukari, vibonge viwili vya uzi mweupe, na picha ya Julienne siku ya komunyo yake ya kwanza.

"Ya yaya Delphine," akasema. "Umwambie ni miye nilituma."

Stanislas akakitazama kile kifurushi, akamkumbusha kwamba siku hizi bido zinaachwa kwa mapadri, na kamioneti haisimami tena kule.

"Simama," Virginie akasema. "Akikupa chakula, ukule."

Siku ambayo kamioneti ilipaswa kufika Mitwaba, Virginie alikuwa sokoni, kwenye meza yake ya unga. Alipima unga, alirudisha chenji, alicheka na wateja. Lakini jua lilipoanza kushuka, saa ile ya kukaribisha wageni, aliiona ile baraza waziwazi, na kiti kilichoegemezwa ukutani, na Delphine akimwona vizuri yule aliyekaa juu yake, kwa vioo vile. Roho ikamchoma pale pale pa siku zote. Aliiacha imchome, akamfungia mteja unga wake, akauliza nani anafuata.